Nafasi ya Maman

Ile albamu msiniwekee. Nimeshasema, na wanaonijua hapa Kamembe wameshanizoea: nikiwa baa, wimbo wa kwanza ukianza tu, namaliza chupa yangu natoka. Wasionijua wanasema nina wivu. Huyu, wanasema, alikuwa mpiga bezi wa mzee miaka yote, mzee akapanda ndege akaenda Ubelgiji kurekodi jazi na Wazungu, yeye akabaki kwenye duka la vifaa vya ujenzi anauza misumari. Lazima roho imuume. Kweli inaniuma, lakini si kwa ajili ya bezi. Yule waliyempa bezi kule ni fundi kunishinda, nakubali mchana kweupe. Kinachoniuma ni kwamba katika albamu nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, Maman hayumo. Na kwa kuwa hayumo humo, hayumo popote.

Mzee mwenyewe tulimwita Mzee wa Gitaa. Jina alikuwa nalo, lakini yeye hakuwahi kumwita mtu yeyote kwa jina lake, kwa hiyo na mimi lake silitaji, sina deni naye. Mimi kwake nilikuwa Bezi. Mpiga ngoma wetu alikuwa Ngoma, hata siku ya harusi yake mzee alisimama mbele ya wakwe akasema, "Ngoma ni kijana muzuri, hakunyweake sana," na wakwe wakabaki wanatazamana wakiulizana ngoma gani hiyo isiyokunywa. Mke wake tu ndiye hakuwa na jina la kazi. Yeye alikuwa Maman, kwake na kwetu sote.

Baa ilikuwa ya Maman. Ilikuwa juu ya mteremko, na ukikaa barazani unaiona Bukavu yote ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kule alikozaliwa yeye. Jikoni kulikuwa nyuma, uani, penye majiko ya makaa, na sisi tulipiga barazani kila Jumapili baada ya misa. Mzee alivaa suruali iliyopigwa pasi hadi ukingo wake ukate kidole, na viatu vyeupe ambavyo alivipaka chokaa mwenyewe. Mtu anayejipamba hivyo ungedhani anapenda kupigwa picha. Thubutu! Ukiinua simu tu, aliweka kiganja juu ya nyuzi, wimbo unakufa hapo hapo.

"Shusha ile kintu," alisema. "Nani atanijibia? Simu yako?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Leo sicheki. Ningekuwa na akili ningeficha simu moja chini ya meza, liwalo na liwe.

Alikuwa bahili wa nyuzi, bahili wa kutia aibu. Nyuzi za gitaa zikichoka kwa jasho zinafifia sauti, na mtu wa kawaida ananunua nyingine. Yeye alizifungua, akazikunja, akazitia katika sufuria ya maji akazichemsha, halafu akazikausha kwa kitambaa na kuzirudisha kwenye gitaa. Na zilirudi na uhai, siwezi kusema uongo. Tatizo ni sufuria: ilikuwa ya Maman ya kupikia sombe, majani ya muhogo.

"Papa, ile ni sufuria yangu ya sombe!" Maman alipiga kelele kutoka uani.

"Njo maana sauti yangu iko na mafuta."

"Na njo maana sombe yangu iko na kutu!"

Mtu huyo huyo, bahili wa waya, hakuwa bahili wa muda. Angekaa na mtu asiyejua kushika gitaa tangu adhuhuri hadi jua linazama Bukavu, akimwonyesha mshiko mmoja tu wa nyuzi, kidole kwa kidole, bila kukasirika. Hasira yake alitutunzia sisi tuliokuwa tunajua. Alinisimamisha mimi katikati ya wimbo, mbele ya wateja, mara ambazo siwezi kuzihesabu.

"Bezi, weye unajaza tu. Unajaza kama muntu anaweka muchele mu gunia. Na ule mwengine ataingilia wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake: uache nafasi. Jazi kwake haikuwa ule uhodari wa vidole vinavyokimbia. Alisema jazi ni watu wawili wanasemezana, na mmoja akisema peke yake, hiyo ni hotuba, na anayetaka hotuba aende akaisikilize mikutanoni. Kanisani alikwenda kila Jumapili lakini alisimama nje, karibu na mlango, mvua ikinyesha ananyeshewa, kwa sababu kwaya ilinunua kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Padri alimfuata siku moja akamuuliza kwa nini haingii. Mzee akamwambia, kwa heshima zote, "Mon père, Mungu niko namusikia vizuri hata hapa. Ila ile mashini haingojeake muntu." Akaendelea kusimama pale pale, na aliitikia sala zote kwa sauti kubwa kuliko walio ndani.

Nakuja sasa kwenye wimbo wenyewe.

Huku kwetu mtu mzima akikuita, jibu la adabu ni moja: Karame! Ni neno la Kinyarwanda, na ndani yake mna dua. Unamtakia aliyekuita aishi sana. Anayeita yuko juu kwenye kilima, anayeitwa yuko bondeni kwenye maharage, jina linashuka, na baada ya muda, kutegemea yuko mbali kiasi gani, jibu linapanda: Karame! Mzee aliuchukua mwito huo akauweka kwenye gitaa. Sauti tatu zinazopanda, mara mbili, kama mtu anayeita jina. Kisha anaondoa mkono kwenye nyuzi, anauinua, na hakuna anayegusa chochote. Bezi kimya. Ngoma kimya. Na kutoka jikoni, Maman anaitikia: "Karameee!" Hapo ndipo tunaingia sote, na baa inalipuka.

Maman alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu. Hilo neno alilikuta kwenye ndoa, na alilivuta mwisho kwa lafudhi ya kwao. Mzee alimtania kwamba hata baada ya kuzaa na kulea bado hajui kuitika vizuri. Yeye alimjibu kwamba kama anataka wa kuitika vizuri akamtafute kijiji cha Bweyeye, huko msituni, walipo wenye Kinyarwanda chao safi, na atembee kwa miguu mpaka ampate.

Ile nafasi haikuwa na kipimo, na hili nataka lieleweke, kwa maana hapa ndipo uovu wote ulipoingilia. Kama Maman yuko mlangoni na sinia, nafasi ilikuwa fupi. Kama yuko uani anapuliza makaa, ilikuwa ndefu, mpaka sauti ifike. Siku moja mzee aliita, akainua mkono, na kimya. Tukangoja. Wateja wakaanza kucheka, mmoja akaita, "Maman, banakuita!" Kimya. Mzee wala hakutikisika, mkono uko juu. Mwishowe sauti ikapanda kutoka kule chini barabarani, mbali kabisa: "Karameee! Niko nanunua nyanya!" Mkono ukashuka, tukaingia. Sijawahi kupiga muziki mtamu kama wa siku ile, na wote waliokuwepo wanaikumbuka.

Basi akaja yule mgeni. Alikuwa mtayarishaji wa muziki kutoka Brussels, mtu mpole, siwezi kumsingizia ukali. Alikuwa Bukavu kwa shughuli zake, watu wakamsimulia, akavuka mpaka akaja kutusikiliza Jumapili. Alikula sombe ya Maman sahani mbili. Mwito ulipopigwa na Maman akaitikia kutoka jikoni, yule bwana alisimama, akashika kichwa, akasema "magnifique" na chakula kiko mdomoni. Nilimwona kwa macho yangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hakusikia. Alisikia!

Walipokaa kupanga safari, mimi nilikuwepo mezani. Mgeni alisema kwa Kifaransa kwamba wimbo ule ndio utakuwa roho ya albamu, na kwamba mzee atasafiri peke yake, wanamuziki wengine wapo kule. Kisha akatabasamu, akaonyesha baa yote kwa mkono, akasema studio ni kitu kingine: l'ambiance, hiyo tutaiacha hapa.

Na mzee akakubali. Akakubali kwa kichwa na kwa mdomo, kwa furaha kabisa.

Nani asingekubali? Kwetu ambiansi ni starehe. Ni bia, ni walevi wanaocheza na viti, ni mtu anayemkumbatia mpiga ngoma katikati ya wimbo. Mtu anapokuambia kazini kwake hataki ambiansi, amekuambia jambo la maana, hata mimi nilitikisa kichwa. Kumbe kwa yule bwana na watu wa mashine zake, ambiansi ni kila sauti iliyo nyuma ya chombo: chupa, mbwa, mvua kwenye bati, na mwanamke anayepiga kelele jikoni. Maman alikuwa ambiansi! Alikuwa amesimama pale pale, anatoa sahani mezani, akamwambia mgeni "merci" kwa Kifaransa chake, na mgeni alikuwa ametoka kumfuta.

Mzee alipanda ndege uwanja wa Kamembe amevaa viatu vyeupe. Kilichotokea kule alinisimulia mwenyewe, baadaye, na nitakisema kama alivyokisema.

Walimweka katika chumba chenye kuta za sponji, wakamvika kaski masikioni, na ndani ya kaski kuna mdundo, tiki, tiki, tiki, usiosimama. Akaanza wimbo. Akaita. Akainua mkono. Akangoja.

"Nilingoja," aliniambia. "Ile tiki-tiki inaendelea tu. Niliangalia ule wa piano, naye ananiangalia. Niliangalia wa tarumbeta. Miye nilijua bako batu ba muziki, mumoja ataitikia hata na kinanda. Hakuna. Nikangoja tena. Basi bakazima mashini, bakaniuliza kama nimesahau wimbo."

Wakarudia. Akaita, akainua mkono, akangoja. Mara ya tatu yule mgeni aliingia chumbani, akamwambia kwa upole kwamba pale pana shimo, na mashimo hayauziki. Mzee akaeleza kwamba pale mtu anaitikia. Wakafurahi, wakasema hilo ni rahisi: aitikie yeye mwenyewe, watairekodi sauti yake pembeni na kuibandika.

"Nikabaambia muntu hajiitikiake. Mwenye kujiita na kujiitikia ni kichaa. Bakacheka. Miye sikucheka."

"Ungewaambia wampigie Maman simu, Papa! Angeitikia kwenye simu!"

"Niliona haya. Muntu amekuleta kwake, amekupa kitanda, utaanza kumufundisha ile neno yake ya Kifaransa, ambiansi?"

Wakakata. Wana mashine inayokata sauti kama unavyokata kitenge, wakaunganisha kabla na baada, na kwenye mshono wakaweka tarumbeta. Kisha wakaupa wimbo jina. Sisi tuliuita Karame, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unaitikiwa. Wao waliuita Colline muette. Kilima bubu! Waliuziba kilima mdomo kwa mikono yao wenyewe, kisha wakaandika kwenye jalada kwamba ni bubu.

Siku ya kuizindua albamu hapa Kamembe, hoteli ya kando ya ziwa ilijaa wakubwa. Wanamuziki wa kule hawakuja, kwa hiyo walipiga albamu kwenye spika, na mzee akaketishwa mbele kwenye kiti chenye kitambaa, amevaa koti, anasikilizwa akiwa hai kama marehemu. Sisi wa baa tulikaa nyuma. Maman alikuwa ameshona nguo mpya, kitenge cha rangi ya chungwa, na mabega yake yamesimama kwa fahari. Wimbo ukaanza. Ukaita. Na sisi wote wa nyuma, kwa mazoea, tukavuta pumzi, tukafungua midomo, "Ka...", na tarumbeta likatupiga usoni. Neno likabaki mdomoni. Bwana mmoja mwenye tai akageuka akatunyamazisha kwa kidole. Nilitamani kuking'ata.

Maman hakufungua mdomo hata kidogo. Tulipotoka nje nilimuuliza ameuonaje. Akarekebisha kitenge chake, akatazama ziwa.

"Ule wa mu spika haniite," alisema. "Anapita tu."

Ilipata sifa. Redio ziliipiga, watu wa mbali waliandika kwamba ni jazi ya ukimya wa milima, na vijana wa mji wakaanza kujifunza wimbo kutoka kwenye albamu. Hilo lilinimaliza. Leo nenda harusi yoyote kutoka hapa hadi Bugarama, watakupigia Colline muette sawasawa, kwa haraka, bila nafasi, na ukiitikia wanadhani umelewa. Baani mzee aliendelea kupiga kwa namna yetu, na Maman aliendelea kuitika, na kila wiki mimi nilijiambia kwamba kuna siku nitaleta kifaa nimrekodi. Kila wiki ilikuwepo wiki nyingine.

Halafu mvua za mwaka ule zilipoanza Maman akaugua kifua, na kabla hazijaisha tukamzika. Kwenye matanga mtu mmoja, kwa nia njema, alifungua milango ya gari akaweka albamu kwa sauti kubwa, ati kumuenzi mama wa nyumba. Nilikwenda nikaizima. Akaniuliza nina kichaa gani. Nikamwambia kwamba huwezi kumuenzi mtu kwa kumpigia wimbo alimofutwa, tukashikana mashati mbele ya waombolezaji, na sijutii.

Lakini aliyenikata maini ni mzee mwenyewe. Baa aliifunga. Kisha nikasikia anapiga hotelini, ile ile ya kando ya ziwa, peke yake, anapiga gitaa juu ya albamu. Sikuamini, nikaenda. Alikuwa pale, suruali ya pasi, viatu vyeupe, mashine nyuma yake inatoa piano na ngoma na tarumbeta, na yeye anaifuata. Watalii wanakula samaki. Mwito ulifika, tarumbeta likaziba, na mkono wake haukuinuka. Mtu aliyenyeshewa mlangoni mwa kanisa kwa kukataa mashine! Nilitoka bila kumwamkia, na kuanzia hapo tukipishana barabarani nilivuka upande wa pili. Watu waliniambia ni mzee, ana majonzi, nimwache. Nikasema hata majonzi yana adabu yake.

Mwezi uliopita aliagiza skrubu dukani kwetu, za kukazia ufunguo wa nyuzi. Mwenye duka akanituma mimi, kwa makusudi nadhani. Nilikwenda mchana, jua kali. Baraza la baa lilikuwa tupu, viti vimepangwa ukutani. Mzee alikuwa amekaa na gitaa lisilokuwa na nyuzi, na kutoka jikoni, nyuma, nikasikia maji yanachemka. Nikachungulia: ile sufuria ya sombe, na nyuzi ndani yake.

"Bezi," alisema. "Uko nanikasirikia."

"Ndiyo, Papa."

"Sana?"

"Sana."

Akachukua skrubu, akanionyesha kiti. Nikakaa, na kwa kuwa nilikuwa nimelibeba neno hilo muda mrefu nikalitua pale pale. Nikamwambia kwamba ile mashine ya hoteli haingoji mtu. Nikalisema kwa lugha yake, neno kwa neno, ili limchome.

Hakuchomeka. Aliinuka, akaenda jikoni kuzitoa nyuzi, akarudi, akazikausha kwa kitambaa moja moja, akaanza kuzirudisha.

"Njo maana niko nayo," alisema. "Haingojeake muntu. Pale niko naita, mara tarumbeta imeshaingia, nimeshapita. Haiumi. Huku kwangu, mu ile nafasi, Bezi, nitafanya nini?"

Hasira zangu zote nilizokuja nazo zilikuwa zimemwelekea mtu asiyezistahili, nikazigeuza upande wa Brussels na zikawaka upya. Sekunde chache tu za sauti ya mwanamke, na mitambo ilikuwepo, na mafundi walikuwepo, na mgeni alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Wangeiweka, leo mzee angeita na angejibiwa, hata hotelini, hata mbele ya samaki. Maman alimtakia mumewe aishi sana kila Jumapili, na ameishi, na dua yenyewe imepotea.

Akamaliza kukaza. Akajaribu sauti, zilikuwa safi, zenye uhai. Kisha, bila kuniambia, akaupiga ule wimbo wetu, polepole, kwa namna yetu. Akaita. Sauti tatu zinazopanda. Akaita tena. Na mkono ukatoka kwenye nyuzi, ukainuka.

Nilimtazama yule mzee, mkono juu, na sikuweza kuvumilia. Nikavuta pumzi nimwitikie, mtu mmoja angalau amwitikie.

Akatikisa kichwa kabla sijatoa sauti.

"Si weye naita," alisema.

Mkono haukushuka. Jikoni maji ya sufuria yalikuwa bado yanachemka. Nikafumba mdomo wangu, tukangoja.